Foleni ya Mtu Mmoja

Sifa ni zake Mola aliyeumba maji yawe uhai, akaumba usingizi uwe pumziko la mja wake. Namshukuru kwa niliyoyajua mapema, na kwa hili nililolijua uzeeni.

Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi nikiwasomesha watoto Kurani hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Daktari wa Lilongwe alinipima tansiyo, ile ambayo wengine huiita presha, akakunja uso. Alisema nisipopumzika mshipa unaweza kupasuka kichwani, nami nikapoteza usemi. Mwalimu wa Kurani bila ulimi atabaki na nini?

Binti yetu, anayekaa na mumewe mtaani Nsungwi, Lilongwe, hakungoja tumshauri. Alipata vyumba viwili vya kupanga huko Salima, kando ya ziwa, akatuchukua mimi na mama yake. Katika mzigo wangu nilitia kanzu, tasbihi, dawa na bidoni moja tupu, dumu la kutekea maji. Hakuna aliyeniuliza bidoni ni ya nini. Nami sikujiuliza.

Asubuhi ya kwanza, baada ya sala ya alfajiri, nilitoka nayo. Nyuma ya jiko kulikuwa na bomba. Niliiweka bidoni mbele yake, nikaweka jiwe juu, kama tunavyofanya kambini ili watu wajue nafasi ina mwenyewe. Kisha nikakaa kuilinda. Bomba letu la kambini hufunguliwa kwa saa zake, na haikunijia akilini kwamba la pale lingekuwa tofauti.

Jua lilipanda. Binti yangu akaja na sufuria, akanipita, akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu.

Niliruka. "We! Fuata mustari!"

"Mustari ya nani, papa?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wa kwanza njo we, wa mwisho njo we. Geuka basi, angalia mayi ya Mungu."

Nikageuka. Ziwa lote lilikuwa nyuma yangu, maji mpaka macho yanaposhindwa, nami nimeligeuzia mgongo nikilinda bidoni tupu.

Cheko lake lilikatika. Alikuwa ameuona mkono wangu. Nilikuwa nimekunja ngumi. Moyo ulinidunda masikioni. Nilikuwa tayari kugombana na mtu asiyekuwepo, mahali pasipo na foleni, kwa ajili ya maji yasiyokwisha. Hapo niliogopa kuliko siku ile mbele ya daktari. Miaka yote nilidhani kungoja ndiko kupumzika, kwa kuwa ninapongoja huwa nimekaa.

Binti yangu aliikunjua ile ngumi, kidole kimoja kimoja.

Siku ile sikuweza kutulia hata hivyo. Nilikaa mchangani, nikainuka, nikafagia ua wa watu, nikarudi kukaa. Mke wangu akanitazama. "Mzee, unapumzika kama mutu iko na bosi nyuma yake."

Kesho yake nilisali, nikabaki kwenye mkeka nikivuta tasbihi taratibu, pumzi moja kwa kila jina la Mola. Sikumbuki nilifika jina lipi. Ninachokumbuka ni jua kali tumboni, nami nikikurupuka na kupiga kelele: "Bamenipita ku mustari!"

"Nani bamekupita?" mke wangu akauliza, akinimiminia chai. "Samaki?"

Nilicheka, nikashangaa kusikia sauti ya kicheko changu ilivyo. Kisha nikalala tena, mchana, mbele ya watu, bila haya.

Tuliporudi Lilongwe, muuguzi wa kliniki moja ya mtaa wa Area 25 alinipima. Akatazama mashine, akaufungua mkanda wake mkononi mwangu, akanifunga upya, akapima tena.

"Agogo," akaniita kwa heshima, yaani babu kwa Kichewa, "mmebadilisha dawa?"

"Dawa ni zile zile."

"Mmefanya nini basi?"

Nilitafuta jibu la heshima, la mtu wa umri wangu. "Nimelala," nikasema.

Aliniambia tansiyo imeshuka, ila sijapona, na kwamba niendelee hivyo hivyo. Basi sasa, huku Dzaleka, nikimaliza darasa la asubuhi najilaza. Watoto hupita mlangoni kwa kunyata, na mimi huwasikia wakinong'onezana kwamba mwalimu analala kama mtoto.

Wewe unayesoma, Mola aulegeze mwili wako kabla haujakulazimisha, akupe usingizi usio na hofu, na akuamshe salama. Amin.