Mgongo Uliovunja Kamati

Hakuwa na ubavu wa kulalia. Hakuwa na mguu wa kushoto wa kutegemea. Hakuwa na nafasi tena katika kundi la wapakizi wa ndizi, wala jibu la kumpa kaka yake. Alichokuwa nacho Obadiah Ogeto ni mkeka, na amri ya kutoshinda amelala juu yake.

Leo, saa kumi na mbili asubuhi katika soko la Kebirigo, Ogeto anapiga goti moja mbele ya mkungu wa ndizi. Anaukumbatia hadi kifuani, ananyanyuka kwa nguvu za mapaja, kisha anageuza miguu kuelekea lori. Kiuno hakipindi.

"Ogeto, hiyo ni ndizi ama ni maombi?" anauliza Mokua, turnboi, yaani utingo, aliye juu ya lori.

"Ni yote mawili. Pokea haraka, nisije nikasema amina ikaniangukia."

Wenzake wanacheka. Katika kundi hili, kuinamia mikungu miwili kwa mpigo na kuirusha huku umejipinda ndiyo ilikuwa sifa. Kupiga magoti kuliachiwa akina mama wanaopalilia wimbi. Ogeto, mkazi wa Sironga mwenye umri wa miaka arobaini na minne, alikuwa bingwa wa mtindo wa kujipinda hadi asubuhi moja ya mvua, miaka miwili iliyopita.

"Nilihisi kitu kimekatika kiunoni," anasema. "Kisha moto ukashuka mguuni hadi kidole gumba."

Alilazwa kitandani nyumbani. Wageni walileta uji wa wimbi na kumkataza kuinuka. Kaka yake mkubwa, Machogu, mwenye duka Masimba, aliunda kamati ya harambee ya upasuaji. Kadi za michango zikachapishwa. Jumapili ikapangwa.

Siku chache kabla ya harambee, picha ya MRI iliyopigwa mjini Kisii ilionyesha diski moja ya kiuno imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Daktari alimpima nguvu za wayo, akamuuliza kama anaweza kuzuia haja. Vyote vilikuwa sawa. Akashauri wajaribu mazoezi kwanza.

"Nilimwambia kitanda hakitamponya," anasema Beverlyne Anyona, mtaalamu wa tibamaungo aliyemfundisha mazoezi hayo. "Lakini nilimwonya pia. Mguu ukilegea, au mkojo ukikataa kuzuilika, aje siku hiyo hiyo, kwa maana hapo huenda kisu kisiepukike."

Ogeto alianza kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono. Halafu akatembea polepole kando ya shamba la majani chai. Jirani yake Jacinta alimwona.

"Kumbe anatembea!" alipaza sauti. "Na kadi yake iko kwangu?"

Jioni hiyo Ogeto alimwomba kaka yake asimamishe harambee. Machogu alikasirika.

"Sawa. Lakini kesho ukianguka, usinitume kwa watu. Watu hawaalikwi kwa mgongo mmoja mara mbili."

Hapo ndipo alipoweka kila kitu rehani. Asipopona, hapangekuwa na wa kumchangia.

Maumivu yalitoka kwenye wayo yakapanda hadi pajani, kisha kiunoni. Ogeto aliogopa. "Usihofu, ni dalili njema," Beverlyne alimwambia. "Yanarudi nyumbani yalikotoka."

Alipopata nafuu akajisahau. Aliinamia gunia la mbolea kwa mtindo wa zamani, akaanguka. Machogu alifika upesi, akasimama mlangoni. Mkewe Ogeto, Esnah, alimkaribisha.

"Shemeji, keti unywe chai. Lakini kadi zibaki mfukoni."

Ogeto akarudi mkekani, kifudifudi, akaanza upya. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajagusa mkungu. Sasa hubeba mmoja mmoja, kwa shilingi ishirini kila mkungu, na mapato yake ni nusu ya zamani. Siku za baridi mguu bado humkumbusha. Hata hivyo, wapakizi wawili wameanza kupiga goti, ingawa hugeuka kwanza kutazama nani anawaona.

Kamati, hata hivyo, haijavunjwa. Katika kila mkutano wa ukoo, Machogu husoma, "Kamati ya mgongo wa Obadiah: inasubiri."

Baada ya lori kujaa, Ogeto anaketi kwenye benchi la mbao, jambo lililokuwa adhabu kwake, na kumwandikia Machogu barua.

"Si umwambie tu kwa mdomo, Baba Purity?" anauliza Esnah, aliyemletea chai.

"Kamati iliundwa kwa kadi. Itavunjwa kwa barua, isomwe mbele ya wote."

Anaisoma kwa sauti: "Ndugu Mwenyekiti, naomba kamati ivunjwe. Wanachama wote waje Kebirigo Jumapili ijayo, si na michango, bali na nyundo. Tunajenga meza ya kupakizia, urefu wa kiuno, ili mikungu isilale chini tena. Wewe, kaka, utashika upande wa pili wa mbao. Nitakuonyesha jinsi ya kuinama."

Analamba gundi ya bahasha, anaibana kwa kidole gumba, na kumpa Mokua.

"Simama Masimba, umpe mkononi."

"Akiuliza hali yako?"

"Mwambie asome."

Lori linaondoka.