Kombe Lisilo na Mtani

Valentini alikuwa mtu wa milimani, Mmatumbi na Mkatoliki, aliyeteremka Kilwa Kivinje akiwa kijana kutafuta kazi, akaishia kubeba magunia ya ufuta kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Hakuwa na mke. Wazazi wake walikwisha kufa, na ndugu waliobaki kule juu walimkumbuka wakati wa njaa tu. Alikuwa na chumba kimoja chenye kitanda cha kamba na sanduku, na mbele ya mlango kibaraza chembamba, ambacho mtu mmoja akikaa, wa pili hana budi kusimama. Si kwamba huyo wa pili alikuwapo.

Alichokuwa nacho ni miguu. Alikimbia. Watu wa Kivinje waliona ajabu, mtu mzima na akili zake anatimua mbio asubuhi asubuhi wala hafukuzwi na kitu, lakini mwisho walizoea. Na kusema kweli, hata yeye asingekimbia kama si Yahya.

Yahya alikuwa mchuuzi wa samaki, Mwislamu, mwenyeji wa Kivinje tangu mababu. Kila alfajiri, akishasali, alifunga kapu la papa mkavu nyuma ya baiskeli yake akaenda kuuza Nangurukuru, kwenye njia panda, na siku nyingine alifika hadi Tingi. Ukoo wake na ukoo wa Valentini walikuwa watani, utani wa zamani ambao hakuna tena aliyejua ulianzaje. Na mtani, kwa asiyejua, ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, nawe huna ruhusa ya kununa. Basi Valentini alitangulia kwa miguu, Yahya akamfuata na baiskeli, akimtukana njia nzima.

"Kimbia, mla mizizi ya porini, mla ming'oko we! Bibi yangu na jicho lake moja angeshakupita!"

"Nyamaza, mnuka papa! Hujui kuwa naikimbia harufu yako?"

Wenye mashamba kando ya njia waliamshwa na matusi yale, na hakuna aliyelalamika. Tusi likiwa zuri Valentini alicheka hadi mbavu zikamuuma. Likiwa zuri zaidi alikaza mwendo, maana alitaka afike mbele, ageuke, amjibu Yahya akiwa bado anahema kwenye kilima. Hivyo ndivyo alivyojifunza mbio. Hakuna mwalimu mwingine aliyemfundisha.

Mwaka mmoja alikwenda Lindi kwenye michezo ya jimbo, akalala Mitwero kwa mtu wa kwao, na kesho yake akashinda mbio ndefu. Akapewa blanketi jekundu. Alirudi nalo Kivinje amelikunja kwa adabu kama nguo ya kanisani, na hata hajafika mlangoni kwake Yahya alikwisha kulinyakua. Asubuhi lilionekana sokoni limefunika mafungu ya samaki. Hiyo ndiyo haki ya mtani: ukipata kitu kizuri anakichukua, nawe unamfuata kwenda kukikomboa. Valentini alikwenda na jogoo. Mke wa Yahya, Mwanaheri, alimpokea jogoo, akalitupa blanketi miguuni pa Valentini akisema litolewe nyumbani kwake upesi, linanuka milima. Walicheka wote watatu mpaka jirani akatoka nje kuuliza kuna nini. Blanketi lile lilinuka papa tangu siku hiyo, wala Valentini hakulifua.

Masika yaliyofuata Yahya alishikwa na homa. Haikumpa hata wiki.

Sasa hapa ndipo Valentini alipoharibu, na mimi simtetei, ingawa namhurumia. Mtani ana kazi yake msibani, tena kazi kubwa. Jeneza likitoka analizuia mlangoni anadai alipwe kwanza. Anatangulia kuingia kaburini, anajilaza, anasema hapa pamekwisha jaa, mrudisheni huyo. Anamsimanga marehemu kwa uvivu wake wa kulala mchana watu wakifanya kazi. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatiririka, na kicheko hicho ndicho kinachowarudishia pumzi. Siku ile watu wote walimtazama Valentini. Alikuja na maneno yake tayari, ameyapanga njiani: atagonga jeneza na kusema, "Amka we, samaki wanaoza!" Jeneza likatoka. Akafungua kinywa, kikatoka kilio. Alilia kama aliyefiwa na kaka, akaketi chini kwenye matope, na waliobeba wakampita. Yahya akazikwa kimya, kama mtu asiye na mtani duniani.

Mwanaheri alikaa eda, na mwanamke aliye edani haendewi na mwanamume wa nje kuombwa radhi. Eda ilipokwisha, ushujaa wa Valentini nao ulikuwa umekwisha. Akimwona anakuja, alikata kona. Siku walipokutana uso kwa uso pale kisimani, Mwanaheri aliteremsha ndoo, akasema, "Habari za asubuhi, bwana Valentini."

Bwana! Mwanamke aliyekuwa akimwita ngedere. Valentini alijibu salama, akaenda zake, na siku nzima magunia yalimlemea. Na si Mwanaheri peke yake. Ukoo mzima wa Yahya ulimnyima matusi. Walimsalimu kwa heshima, walimuuliza hali, walimpisha njiani. Kama hujawahi kuadhibiwa kwa heshima, hujui inavyouma.

Aliendelea kukimbia kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na alfajiri. Nyuma yake hakukuwa na mlio wa baiskeli wala sauti ya mtu. Alikimbia kwa kasi kuliko zamani, ili njia iishe. Basi mwaka huohuo alipopelekwa Dar es Salaam kwenye mashindano ya Tanganyika nzima aliwaacha wenzake mbali mno, askari, wanafunzi, na watu wa reli wenye viatu vya miiba, yeye pekupeku. Na mwisho wa mwaka Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, alimwita bomani, akamshika mkono, akamwambia kwamba halmashauri ya michezo imekaa. Kila mwaka ilichagua timu bora ya nchi na mwanamichezo bora wa nchi. Safari hii mwanamichezo bora ni yeye, Valentini wa Kilwa, na aende kupokea kombe lake.

Alipanda lori la ufuta, akavuka Rufiji kwa pantoni, akaingia Dar es Salaam na koti la kuazima lililombana kwapani. Ukumbi ulijaa taa na wake za Wazungu, na ukutani ilikuwapo picha ya Malkia. Timu bora mwaka ule ilikuwa ya kuvuta kamba, ya makuli wa bandarini, majitu yenye shingo nene. Walipoitwa jukwaani walikwenda wakisukumana. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kitu, yule akampiga kofi la mgongo lililosikika ukumbi mzima, na wote wakaangua kicheko mbele ya mwakilishi wa Gavana bila haya. Valentini aliwatazama akasahau kwamba zamu yake inafuata.

Akaitwa. Akapanda. Akapewa kombe la fedha lenye masikio mawili, likang'aa hata akaona taa zote ndani yake. Watu walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu, na sauti ile ilimpita kama mvua ya shamba la mwingine.

Nje, kuli mmoja alimshika bega. "Hongera, bwana! Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Ala! Hata wa kukucheka hilo koti hakuna?" Kisha akaitwa na wenzake, akaondoka.

Lori la kurudi lilimshusha Nangurukuru. Wauza vitumbua walikwisha pata habari, wakampigia vigelegele, na mmoja alikataa kuchukua senti zake. Valentini alilishika kombe kwa vidole viwili, huku amelegeza mkono. Alilipitisha hivyo mbele ya watu, karibu na mikono yao. Mtu yeyote angeweza kulinyakua. Walilitazama, wakamsifu Mungu, wakampisha apite. Akaenda Kivinje kwa miguu, na pale kwenye kilima, alipokuwa akigeuka zamani kumjibu Yahya, aligeuka. Ilikuwa njia tu.

Bomani alifanyiwa karamu ya chai. Liwali alitoa hotuba. Watu walijipanga kumpa mkono, na katika wanawake waliokuja nyuma alikuwamo Mwanaheri, amejitanda kanga yake vizuri. Moyo wa Valentini ulianza kwenda mbio kuliko siku ya mashindano.

"Hongera, bwana Valentini. Mungu akuzidishie."

Akamsogezea kombe hadi likamgusa mkono. "Mwanaheri, hulichukui?"

"Nilichukue kwa nini? Ni lako. Umelipata kwa jasho lako."

"We unajua kwa nini."

Mwanaheri aliangalia pembeni, akahakikisha hakuna anayesikiliza. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na hasira, ndiyo maana ilichoma.

"Siku ile nilikuwa ndani nasikiliza. Wenzangu wananishika, mimi nawaambia nyamazeni, nataka kumsikia Valentini. Sasa hivi atazuia jeneza. Sasa hivi atamwita mnuka papa. Nikangoja mpaka nyayo zikaisha. Mume wangu alikutukana miaka yote ile kwa mapenzi, we ukashindwa kumtukana siku moja."

"Nilishindwa, Mwanaheri. Wallahi nilishindwa."

"Najua," alisema. "Kwa heri, bwana."

Tangu siku hiyo Valentini akaanza jambo ambalo majirani walidhani ni maringo. Alililaza kombe nje, kibarazani. Mchana lilikaa pale, jioni lilikaa pale, na yeye akifunga mlango kulala hakuliingiza ndani. Mwanamichezo bora wa Tanganyika anatuonyesha, walisema. Wala hawakujua kwamba alilala jicho moja wazi, amejifunika blanketi linalonuka papa, akitega sikio asikie nyayo za mtu wa ukoo wa Yahya. Kila alfajiri alifungua mlango, na kila alfajiri kombe lilikuwa pale pale, limelowa umande. Analifuta kwa shati, analirudisha, anakwenda kukimbia.

Mpaka alfajiri moja akafungua mlango asilione.

Alisimama akiangalia alama ya duara iliyobaki kwenye vumbi la baraza. Akainama akaigusa kwa kidole. Kisha akaanza kucheka, peke yake, mkono mdomoni asiwaamshe watu. Hakwenda kukimbia siku hiyo. Alikwenda sokoni kungoja wauza kuku wafike, akawapapasa jogoo wote kifuani, akachagua mwekundu mwenye kishungi, mkali, aliyemdonoa kidoleni. Akavaa shati la Jumapili. Njiani jogoo anapiga kelele, naye anapanga matusi. Atamwita mwizi. Atamwambia amelitumia kombe la Gavana kuchotea maji ya mbuzi. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ambayo Dar es Salaam hawakuweza kumpa.

Mwanaheri alikuwa uani anaanika samaki. Sasa yeye ndiye aliyefanya biashara ile.

"Haya, mwizi we!" Valentini alipaza sauti tangu mlangoni. "Leta kombe langu! Nimekuja na jogoo, japo hustahili hata manyoya!"

Mwanaheri alimtazama, samaki mkononi. "Kombe gani?"

"Usijifanye."

"Valentini, kombe gani?"

Akamwona hatanii. Akaeleza basi, kombe lilikuwa barazani, asubuhi halipo, alama imebaki. Kila neno lilipomtoka sauti ilipungua.

"Sikulichukua," alisema Mwanaheri. "Naapa kwa Mungu. Wala hapana mtu wa kwetu aliyelichukua, wangenionyesha."

Valentini alibaki amesimama uani na shati lake la Jumapili, na ikamwingia polepole kwamba kombe limeibwa, limeibwa hivihivi na mwizi wa kawaida, tena yeye mwenyewe alilitandikia mahali. Pengine lilikwisha kuvuka Rufiji ndani ya gunia la ufuta. Bwana Shauri atauliza. Hana kombe, hana mtani, ana kuku. Akageuka aondoke.

Nyuma yake akasikia sauti, akadhani Mwanaheri anakohoa. Alipotazama, mwanamke alikuwa ameinama, amejiziba mdomo na kanga, mabega yanatikisika. Alijaribu kujizuia, akashindwa, ikamtoka kwa sauti kubwa mpaka kwa jirani.

"Mla ming'oko we! Yaani umeibiwa! Nchi nzima inakupa kombe, we unaliweka nje kama chungu cha kunguru, unaibiwa, halafu unamletea jogoo mtu asiyejua lolote! Ngedere mkubwa! Angekuwapo Yahya... loo, angekuwapo Yahya..."

Hakumaliza. Kanga aliyokuwa akizibia kicheko akajifutia macho.

Valentini alitaka kujibu. Tusi alilopanga kwa ajili ya jeneza lilimjia mdomoni lote, zima, baada ya miezi yote ile. Lakini akaketi chini kwenye magamba ya samaki, akalia.

"Unalia tena," alisema Mwanaheri, akamnyang'anya jogoo.