Anayewatoa Wazee Damu

Mwanamke anayewatoa wazee damu katika zahanati moja ya Kuresoi haulizi kamwe kama mtu amekula, kwa kuwa watu wa huko hawahesabu chai kuwa chakula. Yeye humuuliza kila bibi kizee, "Shosho, chai ya leo ilikuwa na maziwa?" Bibi akijibu kwa fahari kwamba ilikuwa nzito, mwanamke huyo hucheka naye, kisha humwambia arudi kesho na njaa yake. Bibi mmoja, Wangare, alikuwa ameshacheka hivyo na kurudishwa. Safari hii alifika bila kuonja kitu, moyoni akiwa na hofu ya ugonjwa wa sukari uliomfanya dada yake akatwe mguu. Yule mwanamke hakukimbilia sindano. Aliuchukua mkono wake uliokakamaa kwa baridi na kuchimba viazi, akausugua polepole katikati ya viganja vyake huku akiuliza habari za mbolea, mpaka mshipa ukajitokeza. "Umeamka wewe," akauambia mshipa.

Majibu yalipotoka alivuta kiti akakaa karibu naye, kama anavyofanya kwa kila mzee, habari iwe njema au mbaya. "Sukari imepanda kidogo, shosho. Tumeiwahi mapema, dawa itaishusha."

"Na miguu yangu?"

Yule mwanamke alipiga magoti sakafuni, akamvua gambuti na soksi, akapitisha ncha ya kalamu taratibu chini ya unyayo. "Ukihisi kitu, sema."

"Wacha, wewe msichana, unanitekenya!" Wangare akapiga kelele, na foleni yote nje ikamsikia akicheka.