Midomo ya Katibu

Kitu cha kwanza ambacho Machage, golikipa, alikiona kwa katibu wa klabu yao ni midomo yenye wino wa zambarau. Tangu wino uanze kuadimika madukani, kila mara katibu aliusogeza muhuri wa klabu karibu na kinywa na kuupulizia pumzi ya moto ili wino uliokauka ulowane, haaa, ndipo augonge kwenye karatasi. Kisha aliufunga ndani ya leso, mafundo mawili, akautia mfukoni mwa shati.

Jumatatu mfadhili, mnunuzi wa samaki aina ya sangara aliyewapa jezi na viatu, aliingia ofisi ya klabu, Nyakato, na barua ya kupeleka chama cha mpira. Katibu aliisoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Hapa umeandika 'mwenye timu'. Wewe ni mfadhili, bwana. Timu ni ya wanachama."

"Hao wanachama walikuwaga wapi mlipocheza pekupeku? Gonga, mzee."

Katibu alifungua leso, akapuliza, haaa. Machage, aliyesimama mlangoni, akajua yamekwisha. Lakini muhuri uligongwa kwenye kiganja cha katibu mwenyewe, akamwinulia mfadhili akione. "Muhuri ni mzima. Barua ndiyo mbovu."

Mfadhili alicheka, akachomoa muhuri mpya aliochongesha Mwanza mjini, akaigonga barua mwenyewe bila kupuliza.

Jumapili wanachama watapiga kura ya mikono kuamua muhuri upi ni wa klabu. Katibu ameshapanga viti, na kila asubuhi anaupulizia muhuri wake, kuujaribu tu. Machage anamtazama, glavu za mfadhili mikononi, na bado hajui atanyoosha mkono kwa nani.