Tiki za Kitini

Fundi wa kompyuta wa hospitali ile hakuwa mvivu. Miaka kumi na moja alikuwa ametambaa chini ya meza za watu akipangusa vumbi kwenye mashine zao. Ila siku ile alichoka, basi. Uongozi ulikuwa umeleta programu ya kuzuia taarifa za wagonjwa zisitoke nje kwa flashi wala kwa barua pepe, ikaja na masharti yake: kila kompyuta iwe na memori ya gigabaiti nane, diski yenye nafasi ya kutosha, na Windows isiyo ya zamani. Fundi akague moja moja, ajaze jedwali. Alikagua tisa. Ishirini na tatu zilizobaki alizitilia tiki akiwa amekaa kitini.

Programu ikawekwa kwenye zote.

Mashine ya masjala ilikuwa kongwe, memori yake gigabaiti mbili tu. Aliyeitumia ni mama mtu mzima ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi. Kila alipofungua barua ya rufaa, kioo kiliganda. Wagonjwa wakajaa kwenye mabenchi. Siku ya tatu mganga mkuu akamfokea mbele yao.

"Mbona za wenzako zinafanya kazi? Kama umri umekushinda, sema!"

"Nisamehe, daktari," Shangazi akajibu, mikono mapajani.

Fundi alikuwa mlangoni. Alijua ni zile tiki zake. Akajikausha, akajifanya anasoma tangazo la chanjo ukutani.

Mchana Shangazi akamfuata ofisini na daftari. Humo alikuwa ameandika kila saa mashine ilipoganda, na kitufe alichobonyeza kabla haijaganda. Kurasa sita, kwa mwandiko wa kunyooka.

"Mwanangu, hebu nitazamie. Nadhani kuna mahali nakosea. Nielekeze polepole, siku hizi mimi si mwepesi wa kushika mambo."

Fundi akazipekua kurasa zile. Angeweza kuongeza memori kimya kimya, na mama huyu angemshukuru. Wazo hilo lilimjia kweli, likamtia aibu kuliko hata zile tiki.

"Shangazi, hukukosea popote. Mashine yako haikufaa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeandika inafaa, wala sikuiangalia."

Shangazi akafunga daftari. "Asubuhi nilipofokewa, ulikuwepo mlangoni?"

"Nilikuwepo."

"Mie nikadhani hukusikia."

Akaondoka. Fundi akaenda kwa mganga mkuu, akasema yote. Barua ya onyo aliyopewa haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba alimsihi mganga mkuu akamtake radhi Shangazi, akajibiwa, "Nitaona," na hakuna kilichoonekana.

Kesho yake, memori mpya mkononi, akasimama masjala akatangaza kwa sauti kwamba kosa la siku zile tatu lilikuwa lake, si la mama huyu. Wagonjwa wakamkodolea macho. Walioshuhudia zile kelele walikwisha kwenda zao. Hawa walikuwa wengine kabisa.

"Umesema," Shangazi akamwambia, bila kumtazama. "Sasa tengeneza, watu wanangoja."