Mwacheni Mzee Apumzike

Kuna watu wanaruhusiwa kushtuka, na kuna wengine wakishtuka wanaambiwa wanadeka. Hilo nimelijua Maposeni, kwenye nyumba aliyoolewa mdogo wangu, na nikilikumbuka hasira zinanipanda upya.

Mdogo wangu alipanda lori la mahindi kuja kwangu Lizaboni. Lori likapinduka njiani. Jirani yake, waliyekuwa wamekaa pamoja juu ya magunia, akafia mapajani mwake. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko, watu wakasema Mungu mkubwa, yameisha. Hayakuisha. Akawa halali. Akisikia injini anajificha nyuma ya jiko akitetemeka. Gari hapandi, hata umvute. Mahindi yakimwagwa uani anatapika, kwa ile harufu tu, na yeye ni mke wa mkulima wa mahindi.

Nilimpeleka hospitali kwa miguu. Daktari akatuambia huo ni ugonjwa kama mwingine: kiwewe kinachogoma kuondoka baada ya jambo la kutisha. Anauona kwa vijana wa bodaboda walioponea ajalini, kwa askari, kwa wanawake waliopigwa na waliojifungua kwa shida, hata kwa watoto. Unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, akasema, ila hao wanawake ndio huletwa wamechelewa. Akataka mdogo wangu ahudhurie kliniki kila wiki, maana wengi wakitibiwa hupata nafuu.

Nikarudi nikidhani maneno ya daktari yatasaidia. Wapi. Shemeji yangu alikuwa ameshaitisha kikao cha ukoo. Hoja yake: mke hafanyi kazi, shamba linaota majani, basi akapumzike kwao na watoto wabaki. Mwanamke akiambiwa akapumzike kwao, hapo ndoa imekwisha, kinachobaki ni kufunga nguo. Watoto wenyewe ni wawili, na wa mwisho ndiyo kwanza ameanza chekechea.

Na nani alikuwa mwenyekiti? Baba mkwe wake, mjane, aliyepigana vita Uganda enzi za ujana wake. Nyumba nzima inaishi kwa kumchunga. Mlango haubamizwi. Jirani akiwa na harusi anaombwa apunguze muziki. Zile siku zake zikimfika, akajifungia ndani hataki kula, watu wananong'ona: mwacheni mzee apumzike, ni vita hiyo. Neno ni lilelile, kupumzika. Kwake maana yake asisumbuliwe. Kwa mdogo wangu maana yake afukuzwe. Na anayekaa naye siku hizo, akimshika mkono mpaka jasho likauke, ni huyohuyo mdogo wangu. Watoto wa kuwazaa mzee mwenyewe wanamkimbia.

Mzee alisikiliza, akanywa togwa yake, akasema, "Huyu binti anadeka. Ajali zipo kila siku."

Mimi nilikuwa nimetoa shikamoo zote, nimekaa mkekani na heshima zangu. Heshima ikanitoka.

"Baba," nikamwambia, "na wewe vita ilikwisha zamani. Mbona bado hujapona?"

Shemeji akaniambia nifunge mdomo. Mzee alitazama mikono yake, ilikuwa imeanza kutetemeka, na togwa ikamwagika kwenye suruali. Akawa anapumua kwa shida, kama mtu aliyepandisha mlima mbio. Akainuka, akaingia chumbani kwake. Wanaume wazima wale, waliokuja kuamua maisha ya mtu, wakabaki wanatazama mlango. Hakuna aliyejua la kufanya. Mdogo wangu, mshtakiwa wao, akanyanyuka, akachota maji kwenye kikombe, akamfuata mzee ndani.

Kikao hakikuitishwa tena. Walielewa, ingawa hakuna aliyelitamka, kwamba binti akiondoka mzee hana wa kumshika. Mdogo wangu watoto wake anao, namshukuru Mungu kwa hilo. Wiki iliyofuata nilimfuata twende kliniki, nikamkuta shemeji amesimama mlangoni. Akasema haiwezekani, mzee ameamka vibaya, nani atabaki naye? Nilimjibu abaki yeye, ni baba yake. Akacheka, kana kwamba nimetania. Nyuma yake mdogo wangu alikuwa ameshavaa viatu. Akavivua.