Mjomba Mara Arobaini na Moja

Kazini walimwita Namjua, kwa sababu hakuwahi kusoma hadithi ya upelelezi bila kumtangaza muuaji kabla wengine hawajafika katikati. Alikuwa msahihishaji wa prufu katika kampuni ya vitabu, miaka kumi na tisa ya kalamu nyekundu, na kila mswada wa mauaji ulioingia ofisini alitoboa siri yake mapema. "Ni daktari," angesema akipita zake, wala hakuna aliyemuuliza. Mkewe aliacha kusoma riwaya sebuleni, akawa anajifungia nazo chooni, na bado bwana alimfuata mlangoni: "Mama Pacha, usijisumbue, ni yule mtunza bustani!"

Watu wa namna hii huamini kwamba anayejua kufumbua fumbo anajua pia kulifumba. Basi kampuni ilipoanza kutengeneza michezo ya simu yenye hadithi, ile ambayo mchezaji anahoji watu, anapekua vyumba, kisha anamtaja muuaji, Namjua alikuwa wa kwanza kupeleka jina. Mhariri mkuu, mama mmoja mkavu asiyepoteza maneno, akampa sharti: wachezaji watano wa majaribio wakifika sura ya tisa bila kumjua muuaji, kiti cha uandishi ni chake. Wakimjua mapema, arudi kwenye prufu. Namjua alikitaka kiti kile hadi chakula kikawa hakipiti.

Na hadithi, tuseme haki, ilikuwa nzuri. Tajiri anakutwa amekufa chumbani kwake. Binti yake, aliyefiwa na mama tangu utotoni, anafikiwa na mgeni mpole anayejitambulisha kuwa mjomba, kaka wa marehemu mama. Mjomba harithi chochote katika nyumba ya shemeji, basi nani atamshuku? Kumbe si mjomba hata kidogo. Ni mdogo wa yule tajiri, baba mdogo ambaye binti hajawahi kumwona, na nyumba ile ameimezea mate tangu ujana. Fumbo zima lilining'inia kwenye neno moja.

Asubuhi ya kukabidhi, Namjua aliupitia mswada mara ya mwisho, kalamu nyekundu mkononi, maana bila kalamu hiyo hajui kusoma. Akafika kwenye "mjomba". Akakunja uso. Mtu huyu si ndugu wa mama, ni ndugu wa baba. Mtu mzima anachanganyaje? Akakata, akaandika "baba mdogo". Mara arobaini na moja. Kisha akaupeleka mswada akipiga mluzi.

Dada wa mapokezi, wa kwanza kujaribu, alimaliza kabla chai yake haijapoa.

"Ni huyu baba mdogo," alisema. "Anajiita kaka wa mama, halafu hadithi nzima inamwita baba mdogo. Mnatuonaje sisi?"

Wanne waliobaki wakasema hivyohivyo. Mhariri mkuu akamwita Namjua.

"Nani kabadilisha hili neno?"

"Mimi. Lilikuwa kosa."

"Si kosa, mzee wangu, ni uongo! Muuaji anadanganya!"

"Basi adanganye kwa Kiswahili sanifu," alijibu Namjua, na wala hakuwa anatania.

Mama yule alicheka, na kwa kicheko hicho akampa nafasi ya pili: arudishe neno, watafutwe wachezaji wengine watano. Namjua alirudisha "mjomba" kote, roho ikimuuma kila mahali. Lakini mchezo ungetoka na jina lake. Watu wangesema huyu, na uzee wote huo kazini, hajui mjomba ni nani! Aibu hiyo hakuiweza. Kwenye sura ya kwanza akabandika kinyota, na chini tanbihi ndogo: "Mwandishi anafahamu vyema kwamba mtu huyu ni baba mdogo."

Safari hii mhariri mkuu hakucheka.

Jumatatu Namjua alirudi kwenye meza yake ya zamani. Baada ya wiki chache akaletewa prufu ya hadithi ileile, imeandikwa upya na dada wa mapokezi, aliyepewa kile kiti, na kikaratasi cha mhariri mkuu: usimguse mjomba. Akaisoma hadi mwisho. Ilikuwa nzuri kuliko yake, na hilo lilimchoma hadi machozi yakamlenga. Kila alipofika kwenye lile neno, aliiweka kalamu chini, akaikalia mikono yake, akaendelea kusoma.